Siku Thelathini na Nne za Mbege

Ujumbe wa tisa ulinikuta Jumatatu asubuhi nimeinama kwenye beseni nakagua nyayo zangu, kwa sababu watu wa kituo cha afya walishaagiza kwamba mgonjwa wa sukari akague miguu siku saba mfululizo kabla ya miadi. "Mpendwa mteja," simu ikasema kwa ile sauti yake ya tangazo la sabuni, "majibu yako ya damu yanachakatwa. Tunathamini uvumilivu wako."

Mimi si mpendwa wake. Naitwa Nakundwa Mmbaga, nina miaka sitini na mitatu, nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo hapa Same kwa miaka thelathini na mmoja, na muda wote huo sikumwambia mtu kwamba kesi yake inachakatwa. Nilimpa tarehe. Faili likipotea nilimwambia limepotea, ananitukana, tunaendelea na maisha. Lakini Mizani, huo mtambo wa Moshi unaopima damu za watu wote wa kaskazini, haupotezi faili wala hautukaniki. Nimeshajaribu. Nilipousema vibaya ulinijibu kwamba unathamini maoni yangu.

Maandalizi ya miadi yenyewe yalikuwa kurasa sita. Usile baada ya saa mbili usiku. Vaa nguo ya mikono mifupi. Njoo na shahidi wa chakula, yaani mtu mnayekula naye jungu moja. Na kubwa kuliko yote, andika kwa mkono wako kila ulichokula kwa siku mia na ishirini, usiruke hata siku moja. Niliandika. Niliandika hadi kipande cha muwa nilichotafuna nikimsubiri fundi bomba, na nusu andazi la msibani ambalo nusu yake ya pili nilimpa kuku. Kazi ya karani ni kuandika kilichotokea, hata kama kinamwaibisha anayeandika.

Sababu ya adha yote hiyo ilikuwa mbegu. Ni chembe za kongosho zinazooteshwa maabara. Unachomwa mara moja chini ya mbavu, zinamea zenyewe, na sukari inashuka ikatulia. Tatizo zinaota polepole. Kata yetu hupata mgao wa mtu mmoja kwa msimu, na msimu huu tulioomba tulikuwa kumi na wanne. Mimi nimekaa na sukari miaka kumi na miwili, na jicho la kushoto limeshaweka ukungu. Daktari wa macho hakunizungusha. Alisema nisipopata mbegu mwaka huu, mwakani Biblia nitakuwa nasomewa.

Anayechagua ni Mizani, na Mizani inamchagua mkweli. Chembe nyekundu ya damu huishi siku kama mia na ishirini, na kila moja hubeba alama ya ulichokula siku ilizoishi. Zamani daktari alipata wastani tu. Siku hizi mtambo unazipanga chembe kwa umri wake, za juzi mbali na za mwezi jana mbali, kisha unasoma siku moja moja na kulinganisha na maelezo yako. Miaka ya mwanzo mbegu zilikuwa zinafia ndani ya watu waliodanganya kuhusu vyakula vyao na kuendelea kula vilevile. Ndipo ikaamuliwa apewe anayejijua. Kwa hilo sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni na jirani yangu, Anaeli Urio.

Anaeli ni fundi betri za pikipiki, mjane, ana sukari kama mimi, na ni Mchaga. Mimi ni Mpare. Kwa hiyo ni watani, na tumetaniana juu ya uzio wa minyaa kwa miaka ishirini na sita. Yeye huniita Bibi Kesi, ati Mpare anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mtani akikukuta umeshika chungwa analichukua, nawe hununi. Ukinuna watu watakutoza faini, na kile alichochukua hakirudishwi. Ndivyo tulivyokuta mambo, na ndivyo nilivyolelewa.

Sasa sikia alichonifanyia. Kwanza aliliazima daftari langu la mlo "aone tu linavyopangwa", akakaa nalo siku mbili, akalinakili lote neno kwa neno, na muwa wangu na andazi langu la msibani. Nilipomkuta na maandishi ya muwa wangu nikamwambia atakamatwa. Akasema mtambo hauwezi kujua muwa wa Mpare na muwa wa Mchaga.

Pili, siku ya kutoa damu nilifika kituoni saa kumi na mbili asubuhi, nikavishwa bangili ya karatasi yenye namba yangu. Anaeli akaja saa mbili akijikokota, akapewa ya kwake, akanikuta mbele ya foleni. "Tangu lini Mpare akamtangulia Mchaga?" akasema. Akanivua bangili yangu, akanivisha ya kwake, akaketi mahali pangu. Muuguzi, naye mtu wa hapahapa, alicheka hadi akashika ukuta. Mashine ikasoma bangili, ikamtoa Anaeli damu, ikamwambia, "Asante sana, Nakundwa." Benchi zima likaangua kicheko. Zamu yangu ilipofika ikaniambia, "Asante sana, Anaeli." Na mimi nilicheka. Nalisema wazi kwa sababu ndilo kosa langu, na mtu aliyeapisha mashahidi miaka thelathini na mmoja hakustahili kulifanya. Nilidhani tumebadilishana nafasi ya foleni tu. Tulirudishiana bangili mlangoni tukaenda zetu.

*

Majibu yalikuja Jumanne mchana, mimi na mkamwana wangu Tumsifu tukichambua kunde jikoni. Tumsifu ndiye shahidi wangu wa chakula. Ni mtoto mwema, kiongozi wa kwaya yetu ya Wasabato, na ana macho makubwa yasiyojua kuficha kitu.

Simu ikasoma kwa sauti, maana shahidi naye lazima asikie.

"Mpendwa mteja Nakundwa Mmbaga. Maelezo yako yamelingana na damu yako kwa asilimia kumi na tisa. Kiwango cha sukari ya miezi minne: kumi na tatu nukta mbili. Figo: hatua ya nne, hatari. Mishipa ya miguu: hatari. Kilevi: siku thelathini na nne kati ya mia na ishirini. Aina: mbege. Umeondolewa kwenye orodha ya mbegu kwa miaka miwili kwa kutokuwa mkweli. Fika kesho Jumatano saa tatu kamili kuthibitisha. Tunakutakia siku yenye afya."

Tumsifu aliacha kuchambua.

"Mama," akasema taratibu, "mbege?"

Mimi nimezaliwa Msabato, nimebatizwa Msabato mtoni Makanya, na pombe, iwe mbege ya ndizi au nyingine, naijua kwa harufu ya mashahidi tu. "Mtambo umeharibika," nikamwambia.

"Sawa, mama," akasema, akarudi kwenye kunde. Lakini alikuwa anachambua zilizokwisha kuchambuliwa.

Nikasoma karatasi yenyewe kwenye kioo cha simu, nikiisogeza hadi puani. Mizani ilikuwa imepanga siku zote kwa safu. Siku ya hamsini na tatu: mbege, nyama ya kuchoma, ndizi. Hiyo ilikuwa Jumapili. Siku ya sitini: mbege, ndizi. Jumapili tena. Kila Jumapili baada ya ibada ya Walutheri kulikuwa na mbege, na katikati ya wiki siku moja ya kuongezea. Namjua mtu mmoja tu mwenye Jumapili za namna hiyo.

Mtauliza, mtambo wa kujua mbege na bia unashindwaje kujua damu ya mwanamume na ya mwanamke. Haushindwi. Umekatazwa. Mwaka wa kwanza ulikuwa unasoma kila kitu, hadi ukoo, ukawatajia watu wazima baba zao halisi mezani mbele ya familia, ndoa zikavunjika wilaya nzima. Mahakamani kwetu tuliongezewa makabati. Bunge likapitisha kwamba Mizani isome chakula tu, ukoo na jinsia isiguse. Watu wengine nao wakaanza kuazima damu za wachunga ng'ombe wembamba, ndipo ikatungwa kanuni ya ukurasa wa sita, kwa herufi ndogo ambazo nadhani ni mimi peke yangu niliyezisoma. Inasema damu zikibadilishwa, atakayesema kwanza, kabla mbegu haijachomwa, anasamehewa na kuhesabiwa kwa damu yake halisi. Mwenzake anafutwa miaka miwili bila rufaa. Kanuni hiyo aliitunga mtu asiye na jirani.

*

Jioni bado jua likiwaka Anaeli akaja uzioni na simu mkononi, anacheka peke yake.

"Bibi Kesi, njoo usome neno la Bwana. Asilimia tisini na saba. Tisini na saba, mimi Anaeli. Kesho saa tano nachomwa mbegu." Akaniangalia. "Na wewe?"

"Kumi na tisa."

Akacheka hadi akashika minyaa. "Njia ya mwongo fupi, Mpare. Ulikuwa unakula nini chini ya kitanda?"

Hapo nilikasirika hasa. Nilitaka kumrukia. Alikuwa amebeba damu yangu, daftari langu na mbegu yangu, halafu ananihubiria ukweli. Nilikuwa na sentensi moja mdomoni, na sentensi hiyo ingenirudishia macho yangu.

"Keti kwanza," nikamwambia, maana niliona anaegemea.

Akaketi juu ya ndoo, akavua kiatu cha kushoto bila haya, kama wanavyofanya watu waliofiwa na wake zao. Kidole kidogo kilikuwa cheusi. "Hiki hakinisikii tena," akasema. "Wiki ya pili hii. Nakichoma sindano, kimya. Na mkojo nao siku hizi una povu. Nilishaanza kumwandikia mtoto wangu kule Dodoma aje achukue vyombo vya kazi. Sasa namwambia asije." Akakipapasa kidole. "Mungu si Mchaga lakini ana huruma."

"Ulijuaje utapata?"

"Sikujua. Nilinakili tu vya kwako, nikasema huyu mwanamke hawezi kuandika uongo hata ukimpiga. Sasa nakushangaa wewe."

Hakuwa amefikiria bangili hata kidogo. Niliona usoni mwake. Mtu mwenye figo za hatua ya nne alikuwa amekaa juu ya ndoo yangu ananihurumia mimi.

Mke wake, Ndeshi, alipofariki, mimi ndiye niliyefanya kazi ya mtani msibani. Nilivaa khanga yake, nikafukuza kuku wa jirani kwa sauti yake ya kukwaruza, nikazuia kaburi lisifukiwe hadi mume wake aseme lini aliwahi kumsifia chakula. Watu walicheka wakilia. Anaeli alicheka hadi wakamshika. Ni kazi ngumu, kwa sababu lazima uwe umemsoma mtu vizuri, na lazima uwe tayari yeye aondoke. Nilimtazama pale kwenye ndoo nikajiuliza nitamwigiza vipi. Sikupata hata neno moja.

"Vaa kiatu," nikasema. "Unanitia kichefuchefu."

*

Jumatano saa tatu kasoro tulikuwa kituoni, mimi na nguo ya mikono mifupi na Tumsifu na kurasa zangu mia na ishirini. Saa tatu kamili ilikuwa saa tatu na dakika arobaini, kama kawaida ya saa za hospitali zote hata ziwe na mitambo gani.

Daktari Sanyiwa ni kijana mpole mwenye uso wa mtu asiyelala. Juu ya meza yake kulikuwa na kisanduku kidogo chenye taa, sikio la Mizani. Akafungua faili langu, akakunja uso.

"Mama Mmbaga, nimesoma maelezo yako usiku mzima, maana tunaletewa ya walioondolewa tu. Sijawahi kuona daftari kama hili. Umeandika hadi kuku aliyekula andazi." Akapunguza sauti, ingawa kisanduku kinasikia hata pumzi. "Mtu wa hivi hawezi kuficha siku thelathini na nne za pombe. Mimi naona kuna jambo. Sheria inanitaka nikuulize mara moja tu, chini ya kiapo, kisha nifunge. Kama kuna jambo, liseme sasa. Utahesabiwa upya leoleo, na kwa daftari hili mbegu ya saa tano inaweza kuwa yako."

Alikuwa ananifungulia mlango, Mungu ambariki. Tumsifu aliinua kichwa, akanitazama kwa matumaini yale ya watoto wa kwaya.

Nikafikiri juu ya macho yangu. Sitadanganya hapa, niliyafikiri sana. Nilifikiri juu ya Zaburi, juu ya uso wa mjukuu ambaye Tumsifu amembeba tumboni, juu ya kuvuka barabara ya lami peke yangu. Na jina langu pia, maana mji huu ni mdogo na kwaya ina midomo ishirini na nne. Na nilikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Kesi yangu ilikuwa safi, ushahidi upo, kanuni ipo, na mimi Mpare wa watu sikuwahi kuwa na kesi nzuri namna hiyo maishani mwangu. Yeye alikuwa mwizi wa daftari. Ningeshinda asubuhi hiyohiyo, na Anaeli angerudi nyumbani na kidole chake kumwandikia tena mtoto wake.

Daktari akanipa Biblia. Nimewapa watu Biblia ile maelfu ya mara. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuishika upande ule.

"Nakundwa Mmbaga, je, damu iliyosomwa kwa namba yako ni yako?"

"Ni yangu."

"Na mbege?"

"Nilikunywa."

"Siku thelathini na nne?"

"Sikuzihesabu. Kama mtambo umesema thelathini na nne, basi ni hizo."

Kisanduku kikawasha taa ya kijani. "Maelezo yamelingana," Mizani ikasema kwa furaha. "Asante kwa ukweli wako, mpendwa mteja."

Kwa siku mia na ishirini za ukweli mtupu iliniita mwongo. Nilikuwa nataka kukitupa dirishani kile kisanduku. Daktari aliniandikia dawa za damu ya kumi na tatu nukta mbili, ambazo ningezimeza zingeniua, nikazichukua nikashukuru. Tumsifu alisaini karatasi ya shahidi bila kuniangalia.

*

Anaeli alikuwa kwenye benchi la ukumbini, kanyoa ndevu, kavaa shati la harusi ya mtoto wake. Alipotuona akatengeneza mdomo wa utani, lakini Tumsifu alimfikia kabla ya mimi. Maskini mtoto alikuwa amejaa hadi kooni.

"Mzee Urio, nakuheshimu kama baba," akasema. "Niambie tu, ni wewe uliyemzoesha mama mbege? Thelathini na nne. Siku thelathini na nne, mzee, na kila Jumapili."

Anaeli akainua mkono. Akaiangalia bangili mpya mkononi mwake. Niliona hesabu ikipita usoni mwake, Jumapili moja baada ya nyingine.

"Nakundwa," akasema. Sijui mara ya mwisho aliniita jina ilikuwa lini. "Rudi ndani ukaseme."

"Nimeshaapa."

"Rudi, mwanamke. Macho yako."

"Nikirudi nitakuwa nimesema uongo chini ya kiapo, na kifungo chake nakijua kwa kifungu na kwa miaka. Unataka Mpare afungwe? Na ukisema wewe, ukurasa wa sita unanifuta mimi."

"Mimi niliiba." Akanionyesha viganja vyake. "Nilikuvua mkononi kwa mikono yangu hii."

"Ulichukua kwa utani," nikamwambia. "Na cha utani hakirudishwi. Au Wachaga mmebadilisha sheria bila kutuarifu?"

Tumsifu alikuwa ananitazama mimi, anamtazama yeye, ananitazama mimi. Kisha akashika mdomo kwa viganja viwili, akaketi chini sakafuni pale pale na tumbo lake. Nikamwonyesha kidole anyamaze, akanyamaza.

Spika ya ukutani ikaita, "Mpendwa mteja Anaeli Urio, chumba namba mbili."

Hakuinuka. Mzee mzima alikuwa analia mbele ya foleni ya kliniki, machozi yanaingia kwenye kola ya shati la harusi, na mimi nilikuwa nimechoka, nina njaa tangu jana saa mbili usiku, na nilitaka kumpiga.

"Sikiliza," nikasema. "Kuanzia mwakani utakuja kwangu kila Sabato saa mbili asubuhi kunisomea. Sura mbili. Hunywi siku hiyo wala kesho yake. Ukichelewa nakushtaki."

"Mimi ni Mlutheri," akasema.

"Tutakuvumilia."

Spika ikamwita mara ya pili. Nikamshika kwapani nikamwinua, akajikokota hadi mlango namba mbili akiburuza mguu wa kushoto, akageuka kunitazama, nikamfukuza kwa mkono kama nilivyofukuza kuku siku ya msiba wa Ndeshi. Mlango ukafungwa. Nikaketi benchini mahali pake, Tumsifu akaja akakaa kando yangu akanishika mkono, tukaanza kusubiri.